Wadai wa Enugu

Makaa ya Enugu hayajaisha. Hilo utaambiwa na kila mtu mjini pale, awe dereva wa bajaji au profesa mstaafu, na wala si porojo za kumfurahisha mgeni. Milima ya Udi inayoukinga mji upande wa magharibi bado ina makaa ya mawe tele, tabaka juu ya tabaka, na wanajiolojia hawabishani juu ya hilo. Kilichokwisha ni wateja. Mji uliozaliwa kwa ajili ya makaa, ukaletewa reli kwa ajili ya makaa, na unaoitwa mpaka leo Jiji la Makaa, haupeleki tena makaa popote pa maana, na mitambo yake ya kuchimbia imegawanywa kati ya kutu na wauza vyuma chakavu.

Nilitaka kuuona kwa sababu ya mambo ya kwetu. Tangu 2011 makaa ya mawe yanachimbwa Ngaka, wilayani Mbinga, na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipowafanya Wazungu wayatafute makaa kila pembe ya dunia, bandari ya Mtwara ikajikuta inapokea meli za kuyabeba. Malori yakajaa barabarani kutoka Ruvuma kwenda pwani. Kila mtu alizungumzia tani. Mimi nikawa najiuliza siku mteja akiacha kupiga simu itakuwaje, na nikaona heri nikawaulize watu ambao simu yao iliacha kulia zamani.

Ukitokea Onitsha, Enugu haijionyeshi mapema. Kwanza unafika Ninth Mile, njia panda ya Ngwo iliyo maili tisa kutoka mjini, ambapo kila basi husimama na nusu ya abiria hununua kitu kilekile: okpa. Ni unga wa njugumawe uliokorogwa na mawese, pilipili na chumvi, ukafungwa kwenye jani la mgomba au mfuko wa nailoni, ukachemshwa mpaka ukagandamana. "Okpa di oku!" wanaita kinamama huku wakikimbilia madirisha ya basi, yaani okpa ya moto. Sisi njugumawe tunazichemsha na chumvi tukazitafuna njiani, basi. Sielewi kwa nini hatukuendelea hapo. Mama aliyeniuzia alikuwa na beseni kichwani na mtoto mgongoni, na nilipomwambia naenda kuona migodi alicheka akasema migodi imekufa ila okpa ipo, na kwamba bila okpa yasingechimbwa hata makaa ya kuchemshia chai. Baba mkwe wake alikuwa akiingia mgodini alfajiri na kipande kimoja tumboni, akatoka jioni.

Hapohapo Ninth Mile pana viwanda vya bia na soda, kwa sababu maji ya milima hii ni matamu na mengi. Mlima uleule, bidhaa nyingine. Hii iliyomo ndani ya chupa bado ina wanunuzi.

Mabasi huteremka kwa barabara kuu, lakini nilimwomba dereva wa teksi apite njia ya zamani ya Milliken Hill, inayoshuka kwa kona kali pembeni mwa korongo. Kila kona inakupa kipande kidogo cha mji, mabati yaliyogeuka mekundu kwa kutu, mnara wa kanisa, mabati tena. Kwenye kijani kizito kule chini ndiko liliko bonde la Iva, ambalo jina lake lilifika mpaka Bunge la Uingereza. Nitalirudia.

Mwaka 1909 mwanajiolojia Albert Kitson, aliyekuwa akiongoza upimaji wa madini wa Kusini mwa Nigeria kwa niaba ya serikali ya kikoloni, aliyaingiza makaa haya kwenye vitabu vya serikali. Mwaka 1915 mgodi wa kwanza ulifunguliwa Ogbete. Mwaka uliofuata reli ilikuwa imeshakamilika kutoka pwani, kilomita 240 hivi, na mwisho wa reli hiyo ukajengwa mji mpya kabisa wa bandari, Port Harcourt. Hebu tuutazame mpango huo kwa utulivu. Treni zilichoma makaa ya Enugu ili zibebe makaa ya Enugu. Ikazaliwa miji miwili, mmoja wa kuchimbia na mwingine wa kupakilia, na sidhani kama kuna ofisa aliyekaa akafikiri kwamba watu wangezaa humo, wazeeke humo, wazikwe humo.

Kupata watu wa kuchimba haikuwa rahisi. Wakulima wa vijiji vya Udi walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kuingia chini ya ardhi kumchimbia mtu mwingine. Serikali ikaanza na wafungwa, kisha ikawageukia machifu iliowaweka yenyewe, na maarufu kuliko wote alikuwa Onyeama wa Eke, ambaye mgodi mmoja una jina lake hadi leo. Chifu alitakiwa kutoa vichwa kadhaa vya watu, na vichwa vikatoka. Msomaji aliyekulia karibu na mashamba ya mkonge ya Tanga hahitaji kuelezwa zaidi: ni manamba, ila badala ya jua kali walipata giza.

Lakini binadamu ana tabia ya kukigeuza kilichomlazimisha kikawa chake. Kufikia miaka ya 1940 watoto na wadogo wa wale waliokokotwa walikuwa wanaifuata kazi wenyewe. Mshahara wa mgodini ulileta mabati juu ya nyumba, baiskeli, mahari, na zaidi ya yote ada ya shule. Mchimba makaa alipanda cheo kijijini hata kama mgodini msimamizi wa Kizungu aliendelea kumwita "boi" mbele ya watoto wake. Tofauti hiyo kati ya heshima ya nyumbani na dharau ya kazini ndiyo iliyoulipua mji baadaye, na nashangaa ni mara chache tunaisoma kwenye vitabu vyetu vya historia ya ukombozi, ambamo kila kitu huanza na wanasiasa waliotoka kusoma Ulaya.

Wakubwa wa Kizungu waliishi ng'ambo ya mto, penye bustani na nyumba zenye nafasi. Wachimbaji walipewa Coal Camp. Nilikwenda huko siku ya soko, pamoja na kijana mmoja fundi umeme wa magari ambaye nilikuwa nimetambulishwa kwake na rafiki wa rafiki. Babu yake alikuwa msukuma vigari mgodini. Baba yake alikuwa karani wa stoo wa mgodi huohuo. Yeye hajawahi kuona makaa yakitoka.

Coal Camp ya leo ni vipuri. Kila kibaraza ni duka, kila duka limetapika barabarani: injini zilizoning'inizwa kwa minyororo, milango ya magari imepangwa kwa rangi, gia boksi zimelala kwenye dimbwi la oili. Ukitaka taa ya nyuma ya gari ambalo liliacha kutengenezwa kabla hujazaliwa, kuna mtu hapo anayo, au anamjua aliye nayo. Katikati ya vurugu hiyo bado unaweza kuziona nyumba za kambi, vyumba vidogo vilivyoungana ubavu kwa ubavu, zikiwa zimeongezwa vibanda mbele na nyuma mpaka umbo lake la kwanza limebaki kwenye mapaa tu. Nilimuuliza kijana kama biashara hii ilianzishwa na wachimbaji waliokosa kazi. Akasema si hivyo kabisa. Wengi ni wageni wa baada ya vita vya Biafra, waliofika na mtaji wa spana. Lakini wachimbaji ndio waliowapangisha vyumba, na baadhi ya mafundi wa mitambo ya mgodini ndio waliowafundisha vijana kuchomelea. Mgodi ulikufa ukaacha mafundi. Hilo peke yake ni zaidi ya kinachoachwa na migodi mingi.

Jioni alinipeleka kwa wazee. Sitawataja majina kwa sababu ambazo zitaeleweka mbele kidogo, maana shauri lao halijaisha. Walikuwa watano sebuleni kwa mmoja wao, mwenye nyumba akiwa amevaa kofia nyekundu ya wazee wenye hadhi, wengine mashati ya mikono mirefu yaliyopigwa pasi sawasawa. Kwanza kabisa ikaletwa mbegu ya kola kwenye sahani ya mti. Mwenye nyumba akaishika, akaniomba radhi kwa Kiingereza kisha akasali kwa Kiigbo, muda mrefu, akitaja waliotangulia, na kila kituo wenzake wakiitikia. Waigbo husema kola haisikii Kiingereza. Mazungumzo mengine yote tungeweza kuyafanya kwa lugha ya waliokuja kuchimba, ila hilo hapana.

Nikaulizwa nilikotoka. Niliposema Tanzania, mzee aliyekaa pembeni, ambaye hadi hapo nilidhani anasinzia, alifumbua macho akasema, "Nyerere." Sebule yote ikabadilika. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria, na Enugu ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Biafra vita vilipoanza mwaka 1967, ingawa ilikuwa imeshaanguka mikononi mwa majeshi ya serikali ya Nigeria mwezi Oktoba mwaka uleule. Kwetu jambo hili ni aya moja kwenye kitabu cha siasa ya nje, na tunaendelea kubishana kama Mwalimu alikosea. Kwao ni deni, na walionekana wamefurahi kumpata mtu wa kumlipa. Nikaongezewa kipande cha kola ambacho sikukihitaji. Tembo la mchikichi likaletwa.

Walikuwa vijana wa miaka ya 1960 na 1970 walipoajiriwa. Migodi ya Enugu, walinieleza wakipokezana maneno, si mashimo ya kushukia kwa lifti kama inavyoonyeshwa kwenye filamu za Ulaya. Hapa makaa yamelala ndani ya mlima, hivyo unatoboa ubavuni unaingia kwa miguu, na handaki linakuongoza ndani kilomita kadhaa. Unakuta njia ya vigari, unakuta magogo yanayozuia dari, unakuta hewa inayobadilika. Mzee mmoja alisema kwamba mtu mzima hujua kwa shingo yake mahali dari linaposhuka. Bado huinama anapopita mlango wa kanisani. Zamani mchimbaji alichimba kwa sururu, mwenzake akapakia kwa koleo, wa tatu akasukuma kigari, na malipo yakahesabiwa kwa vigari. Ugomvi mwingi ulianzia kwenye hesabu hiyo: kigari kimejaa au hakijajaa, kina mawe ndani au hakina, na kalamu iko mkononi mwa nani.

Hapo ndipo yule mwenye kofia nyekundu alipoanza habari ya 1949, na ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mgodini mwaka huo, waliisimulia kama watu wanaosimulia kesi yao wenyewe.

Chama cha wachimbaji kilikuwa na katibu mkuu aliyeitwa Okwudili Ojiyi, mwalimu wa zamani. Kazi yake kubwa, kwa mujibu wa wazee, ilikuwa kusoma. Alizisoma kanuni za mishahara ambazo wachimbaji hawakuwahi kuonyeshwa, akapiga hesabu, akawarudishia jibu kwa Kiigbo: mnadai. Kulikuwa na malimbikizo ya miaka iliyopita, wakati uongozi ulipokuwa ukiwapangia zamu kwa namna iliyowanyima siku za kazi. Kulikuwa na posho na vyeo vya wakataji makaa. Aliwafundisha pia silaha iliyoingia katika msamiati wa wafanyakazi wa Enugu kwa jina la Kiigbo, welu nwayo, yaani fanya kazi polepole. Hakuna anayegoma, hakuna anayekamatwa kwa kutoroka kazi, ila vigari vinatoka kimojakimoja kama vinaona aibu.

Mwezi Novemba 1949 walianza kufanya hivyo. Uongozi ukawafukuza wakataji makaa, kundi baada ya kundi. Wachimbaji wakakataa kutoka mgodini kwa kuogopa kwamba wakitoka watafungiwa nje na nafasi zao kupewa wengine. Serikali nayo, iliyokuwa inaona kila mgomo kuwa njama ya wapigania uhuru, ikaingiwa na hofu juu ya baruti iliyokuwa kwenye stoo za migodi na ikaamua kuihamisha. Kwa mchimbaji, baruti ikiondoka mgodi umefungwa. Tarehe 18 Novemba polisi wenye bunduki wakafika Iva Valley chini ya ofisa Mwingereza aliyeitwa Philip. Wachimbaji walikuwa wengi, wanaimba, wanacheza, wengine wamejifunga vitambaa vyekundu. Ofisa hakujua lugha yao wala nyimbo zao. Akaamuru risasi zipigwe. Walikufa watu 21 na kujeruhiwa 51.

Tume iliundwa chini ya Sir William Fitzgerald. Ikasema ofisa alikosea katika kupima hali, ikailaumu serikali kwa kuuchukulia mgogoro wa kazi kuwa vurugu za kisiasa, ikamlaumu pia Ojiyi. Mji wa Aba ukawaka, Onitsha, Port Harcourt. Wanasiasa waliokuwa hawapikiki chungu kimoja wakaunda kamati ya pamoja. Wanahistoria wengi wa Nigeria wanaihesabu siku ile kuwa mojawapo ya siku zilizoharakisha uhuru wa 1960. Sina ubishi. Ila ukiwasikiliza wazee wa Enugu, neno uhuru linakuja mwishoni kabisa, na kwa upole. Wanachokisema kwanza ni malimbikizo. Watu 21 walikufa wakidai mshahara waliokwisha kuufanyia kazi.

Bibi mmoja wa Iva Valley, jirani wa kijana mwenyeji wangu, alikuwa binti mdogo siku hiyo. Nilimkuta akipepeta mchele kibarazani. Hakuwa na habari za ofisa wala tume. Alichokumbuka ni kwamba baba yake alirudi usiku akakaa chini bila kunawa, na watoto hawakuwahi kumwona akikaa ndani na masizi mwilini, kwa sababu mama yao hakuruhusu. Usiku ule mama aliruhusu. Hakupika. Majirani nao hawakupika. Nikamuuliza kama baadaye baba yake aliacha kazi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua ilinyesha kwenda juu. Aache kazi, ada ilipwe na nani? Baba yake alifanya kazi mgodini mpaka vita vilipokuja.

Makaa yenyewe yalianza kufa yakiwa kileleni. Mwaka 1950 liliundwa Shirika la Makaa la Nigeria, na mwishoni mwa muongo huo uzalishaji ulifikia kiwango ambacho haukukirudia tena. Lakini mwaka 1956 mafuta yaligunduliwa Oloibiri, si mbali sana na mwisho wa reli ileile. Shirika la reli, ambalo ndilo lililokuwa mnunuzi mkuu, likaanza kuleta injini za dizeli. Umeme ukaanza kutoka kwenye gesi na baadaye kwenye bwawa la Kainji. Kisha vikaja vita. Pampu zikazimwa, maji yakajaa mahandaki, na watu wakakimbia. Baada ya 1970 migodi ilifufuliwa, zikaletwa mashine za kisasa na wataalamu kutoka Poland kwa migodi ya Okpara na Onyeama, na wazee wangu wanazikumbuka kwa hisia mchanganyiko: mashine nzuri, lakini zikiharibika kifaa kinangojwa miezi. Dari la mlima wa Udi nalo halikuwa limesoma kitabu cha maelekezo cha Kipolandi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uchimbaji wa shirika ulikuwa umesimama, na yakabaki mazungumzo ya kuuza, kukodisha, kubinafsisha.

Hapo mwenye nyumba alinyanyuka, akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki iliyochoka. Wenzake wakainamia mifuko yao. Kila mmoja alikuwa amekuja na yake. Barua za ajira. Vipande vya mishahara. Barua ya kusitishwa kazi yenye mstari wa mwisho unaosema mafao yatafuata. Kwa maelezo yao, yaliyofuata yalikuwa nusu, au robo, au ahadi. Wamehakikiwa mara nyingi, wakipanga foleni na kupigwa picha ili kuthibitisha kuwa bado wako hai, na wanaohakikiwa hupungua kila mara kwa sababu ambayo haihitaji ofisi kuithibitisha. Walinitandazia karatasi hizo mezani, juu ya maganda ya kola, si kwa kuomba chochote. Walitaka nizisome. Nikazisoma zote, moja baada ya nyingine, na kwenye kila moja mwenyewe alinionyesha kwa kidole tarehe aliyoanza kazi.

Ni kosa, nadhani, kuuita mji kama huu mji uliokufa. Enugu ina vyuo, ina mahakama, ina magari mengi kupita kiasi. Ina Rangers, klabu iliyozaliwa mara tu baada ya vita na kutwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1977, na Jumapili ya mechi kubwa huwezi kusikia lingine. Serikali ya kikoloni ililetwa na makaa ikaufanya makao yake ya utawala, na utawala ukabaki makaa yalipoondoka. Miji mingi ya migodi haikupata bahati hiyo. Kwa hiyo mji haukufa; kilichotokea ni kwamba uliendelea na safari ukaacha kundi moja la watu kituoni na tiketi zao mkononi. Vijana wa Coal Camp wanawaheshimu, wanawaamkia kwa adabu, kisha wanarudi kwenye injini zao.

Asubuhi iliyofuata kijana alinipeleka kwenye mlango wa mgodi. Tuliacha pikipiki penye kibao kilichong'olewa maandishi, tukapita kwenye nyasi ndefu tukifuata tuta ambalo zamani lilikuwa njia ya reli ndogo. Reli zenyewe zimeshang'olewa na kuuzwa kwa kilo. Mlango ni tao la zege, limeota ukoka kichwani, na ndani giza huanza baada ya hatua chache. Kutoka humo hutiririka kijito cha rangi ya machungwa. Si udongo. Makaa yana madini ya chuma na salfa ambayo yakiwa yamefunikwa hayana madhara. Ukiyatoboa, hewa na maji vikayafikia, hugeuka tindikali inayoyeyusha chuma, na chuma hicho kikitoka nje hugandamana kwenye mawe kama kutu. Mgodi unaweza kufungwa kwa barua ya ukurasa mmoja, lakini kazi hii ya kikemia haipokei barua. Maji ya Onyeama huingia mto Ekulu, ya Okpara huingia Nyaba, na mito yote miwili inapita kwa watu.

Chini kidogo ya pale palikuwa na mwanamke na mabinti wawili wanaokota vipande vya makaa kwenye kifusi cha zamani na kuvitia kwenye viroba. Wanawauzia mafundi wahunzi, na wengine majirani huchanganya na kuni. Nilimsalimu, kijana akatafsiri. Nilimuuliza anaruhusiwa na nani. Akauliza kwani nani yupo. Kijana alicheka, kisha akasita, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba zamani polisi wa shirika wangemkamata kwa kipande kimoja tu. Yule mama alisikia Kiingereza, akaelewa. Akasema babu yake alichimba hapa. Kama shirika linataka kiroba chake lije na bahasha ya babu.

Siku ya kuondoka nilipita kuwaaga wazee. Walikuwepo watatu, wawili walikuwa wamekwenda mazishini. Mwenye kofia nyekundu alikuwa amekaa na swali tayari. Alitaka kujua kwa nini hasa nilikuja, maana mtu hasafiri kutoka kwa Nyerere kuja kutazama tao la zege. Nikamweleza habari za Ngaka, malori, na meli za Mtwara. Akauliza tabaka letu lina unene gani, akauliza kama ni mgodi wa handaki au wa wazi, na niliposema wa wazi alitikisa kichwa kwa kuridhika: basi dari halitawaangukia. Akauliza bei. Nikamwambia bei ya 2022 ilikuwa nzuri sana, kisha ikashuka. Wote watatu wakaguna pamoja.

"Wana chama?"

Nikamwambia nchini kwetu kipo chama cha wafanyakazi wa migodi, kinaitwa TAMICO.

Alilitamka jina hilo mara mbili ili alizoee, akamtafsiria mwenzake asiyesikia vizuri, wakajadiliana kidogo kwa Kiigbo. Kisha akanigeukia tena.

"Na katibu wake," akasema, "anajua hesabu?"